Maswali ya Wasomaji: Waya wa Ukutani Kwanza, Vifaa Baadaye

Barua za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Tunduma, na karibu zote zinauliza kifaa gani kinunuliwe. Tumejibu, ila mara nyingi imebidi tuanzie kwenye waya, ukuta, ethi na umeme. Swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta, ikiwa mbovu hubadilishwa kwa nusu saa. Waya mbovu uliozikwa chini ya lipu hautoki bila patasi na nyundo.

SWALI: Kamwene, wataalamu. Shirika letu linajenga ofisi ya ghorofa moja eneo la Gangilonga, Iringa. Kuta zimesimama, lipu bado. Tutakuwa wafanyakazi 25, chini 14 na juu 11. Mkandarasi anataka mchoro wa mtandao ndani ya wiki mbili. Tuanzie wapi, na tununue waya kiasi gani?
Afisa Utawala, Iringa

JIBU: Mmeuliza wakati mwafaka, maana wengi hutuandikia rangi ikiwa imeshakauka.

Anzeni kwa kuhesabu sehemu za kuchomekea. Idadi ya kompyuta peke yake haitoshi. Chukueni ramani ya mkandarasi, wekeni alama kila meza itakapokaa, na kila meza ipeni nafasi mbili: moja ya kompyuta, nyingine ya simu ya mezani au ya akiba. Hizo ni 50. Ongezeni printa 3, aksespointi, yaani visambaza mawimbi vya waifai, 4 (mbili kila ngazi), kamera 8, mashine za alama za vidole 2 na nafasi 2 za chumba cha mikutano. Jumla ni 69. Kila nafasi ina waya wake mmoja mzima kutoka kwenye kabati la mtandao. Fundi asiunge waya njiani, wala asifiche swichi ndogo juu ya dari ili kubana matumizi. Swichi ya darini ikifa, hakuna atakayekumbuka kwamba ipo.

Kwa jengo la ukubwa huo, chukulieni wastani wa mita 28 kwa kila waya, pamoja na kupanda, kushuka na mita 3 za ziada zinazobaki kwenye kabati. 69 mara 28 ni mita 1,932. Mkiweka asilimia 10 ya upotevu mnafika kama mita 2,125. Boksi moja lina mita 305, kwa hiyo hesabu inasema maboksi 7. Nunueni 8, kwa sababu kila boksi linapokaribia kuisha hubakiza kipande cha mita 15 au 20 kisichofika kabatini.

Waya uwe wa daraja la Cat6, wa shaba tupu. Cat5e nao hupitisha gigabiti moja hadi mita 100, lakini Cat6 hubeba gigabiti 10 hadi kama mita 55, na nyaya zenu nyingi ni fupi kuliko hapo. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kubomoa ukuta baada ya miaka minane. Kikomo cha mita 100 kina mgawanyo wake: mita 90 ni za waya wa ukutani, na 10 zilizobaki ni za waya laini wa mezani na wa kabatini zikijumlishwa.

Jihadharini na waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao madukani huuzwa kwa jina hilohilo la Cat6. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha ndani, ni alumini. Upinzani wake wa umeme ni mkubwa kwa zaidi ya nusu tena ya shaba, kwa hiyo kamera na aksespointi zinazokula umeme kupitia waya huohuo zitakuwa zinazimika na kuwaka, na waya utapata joto. Uzi wenyewe hukatika kirahisi ukikunjwa mara chache kwenye soketi.

Kuhusu mabomba ya ukutani, bomba la milimita 20 lipitishe nyaya 3, la milimita 25 nyaya 5. Mafundi watasema zinaingia zaidi, na kweli zinaingia, ila huvutwa kwa nguvu hadi jozi za ndani zinapoteza msokoto wake. Nguvu ya kuvuta isizidi uzito wa kilo 11 hivi. Kati ya boksi moja la ukutani na lingine pasiwe na kona za nyuzi 90 zaidi ya mbili, na kona ziwe za kupinda taratibu; kona kali ya kiungio cha maji haifai. Waya wa mtandao usitembee bega kwa bega na wa umeme: acheni sentimita 20, na zikilazimika kupishana zipishane kwa msalaba.

Kabati moja linatosha jengo zima, madhali hakuna waya utakaozidi mita 90. Liwekeni karibu na katikati ya jengo, ngazi ya juu au ya chini, mbali na choo na tangi la maji. Chumba cha stoo ambamo mhudumu huweka ndoo na mafagio hakifai. Kwa ubaridi wa Iringa hamhitaji kiyoyozi, feni ya kabati na matundu ya kupitisha hewa mlangoni vinatosha. Ofisi ya Kyela, kule chini ziwani, tungeijibu vingine. Adui wenu mkubwa ni vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua zinaposhuka, kwa hiyo feni iwe na chujio na lisafishwe kila mwezi.

Ndani ya kabati wekeni pachi paneli, yaani paneli ambazo nyaya za ukutani huishia, 3 za nafasi 24. Hizo ni 72 na zinameza 69 zenu. Si nafasi zote zitakazotumika siku ya kwanza. Zinazofanya kazi kweli ni 44: meza 25, printa 3, aksespointi 4, kamera 8, alama za vidole 2 na mikutano 2. Mashine ya kurekodi kamera na seva zikiingia zinakuwa 46, hivyo swichi mbili za milango 24 zinatosha. Moja iwe ya kupeleka umeme kupitia waya, yaani PoE. Kamera 8 kwa wati 8 ni 64, aksespointi 4 kwa wati 13 ni 52, jumla 116. Chagueni swichi yenye bajeti ya umeme isiyopungua wati 180, maana kamera zikiwasha taa za usiku kwa pamoja matumizi hupanda, na swichi iliyobanwa huanza kuzima milango ya mwisho. Mara nyingi lawama humwangukia aliyeuza kamera. Kabati liwe la yuniti 22. La 12 litajaa kabla hamjaweka UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Swichi zote mbili ziwe za kusanidiwa, ili mtenge mitandao midogo ndani yake, yaani VLAN: wafanyakazi, kamera, wageni, na fedha peke yake. Mgeni anayetumia waifai ya mapokezi hana sababu ya kuiona printa ya mhasibu. Anwani ziwe mfano 10.20.10.0 kwa wafanyakazi, 10.20.20.0 kwa kamera, 10.20.30.0 kwa wageni, kila kundi likiwa na anwani 254. Tunashauri msitumie 192.168.1.0, kwa sababu ruta nyingi za majumbani huja nayo, na siku mfanyakazi anapojiunga na ofisi akiwa nyumbani kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti), anwani mbili zinazofanana hugongana na mafaili hayafunguki. Anwani za 1 hadi 49 ziwe za vitu visivyohama, kama ruta na printa. DHCP, yaani huduma ya ruta ya kugawa anwani yenyewe, igawe kuanzia 50. Kwa wageni, muda wa kushika anwani uwe saa 4. Simu za siku hizi hubadilisha utambulisho wake, na mkiacha siku nzima anwani zitaisha siku ya semina.

Waifai ifungwe chini ya dari, uso wake ukitazama sakafuni. Aksespointi iliyowekwa juu ya jipsamu, katikati ya mbao na mabati, hupoteza nguvu nyingi bure. Ukuta wa tofali za kuchoma wenye lipu pande mbili huidhoofisha sana gigahezi 5, na ndiyo sababu tumehesabu mbili kila ngazi. Kwenye gigahezi 2.4 tumieni chaneli 1, 6 na 11 tu, na aksespointi mbili zilizo jirani zisishike chaneli moja.

Upande wa umeme, vitu vyote vya kabatini hula kama wati 200. UPS ya VA 1500 yenye betri mbili za volti 12, Ah 9, ina Wh 216. Kwa mzigo huo mtapata kama nusu yake, yaani nusu saa hivi. Inatosha kusubiri jenereta. Kama hamna jenereta, fikirieni inveta na betri ya lithiamu tangu sasa, na mtenge njia yake ukutani.

Kabla ya kumlipa fundi, daini karatasi inayoonyesha kila waya kwa namba, urefu wake na matokeo ya kipimo, na namba hiyohiyo iwe imebandikwa kwenye soketi na kwenye pachi paneli. Pigeni pia picha kuta zote kabla ya lipu, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Siku mtakapotaka kutundika rafu mtajua drili isipite wapi.

SWALI: Habari za kazi. Tuko watu watano, ofisi ya uhasibu ya vyumba viwili Mwanjelwa, Mbeya. Tuna ruta ya kampuni ya intaneti, printa moja na kompyuta tano. Fundi anasema tununue seva na kabati. Ni lazima?
Mhasibu, Mbeya

JIBU: Si lazima. Nunueni swichi ya kawaida ya milango 8 ya gigabiti, nyaya sita, na UPS ndogo ya VA 650 kwa ajili ya ruta na swichi peke yake. Msichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwani inapowasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuizimisha.

Mnachohitaji ni mahali pamoja pa kuweka mafaili ya wateja: kifaa cha kuhifadhia chenye diski mbili zinazoandikwa sawasawa. Lakini msikihesabu kama nakala ya akiba, maana faili ikifutwa au ikishikwa na kirusi, inapotea kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Nakala ya tatu iwe kwenye diski ya nje inayochomekwa Ijumaa, ikikamilika inachomolewa na kulala nje ya ofisi. Mnashika taarifa za mishahara na namba za utambulisho za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi kama inavyozihusu ofisi kubwa.

Printa iungeni kwa waya na muipe anwani isiyobadilika. Hiyo ndiyo dawa ya “printa haionekani” kila Jumatatu: ruta huipa anwani mpya ikizimwa na kuwashwa, huku kompyuta zikiendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Badilisheni pia nywila ya kuingilia kwenye ruta. Ile iliyobandikwa chini yake husomwa na kila anayeinama.

SWALI: Shikamooni. Zahanati yetu hapa Tukuyu ina majengo mawili, mita 60 kati yake, yameunganishwa kwa waya wa mtandao uliopita kwenye nguzo. Kila msimu wa mvua radi inaua swichi au kompyuta za upande mmoja. Tumeweka waya wenye kinga ya karatasi ya fedha, hali ikawa mbaya zaidi. Tufanyeje? Ndaga fijo.
Mtunza kumbukumbu, Rungwe

JIBU: Marahaba. Toeni waya wa shaba kati ya majengo hayo, wote, na muweke faiba.

Si lazima radi ipige waya ndipo vifaa vife. Ikianguka hata mbali kidogo, ardhi ya jengo moja hupanda volti kwa maelfu kuliko ardhi ya jengo la pili kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ethi za majengo yenu mawili zimetengana, na njia rahisi ya kusawazisha tofauti hiyo ni ule waya wa shaba. Kila mlango wa swichi una transfoma ndogo ndani inayostahimili volti 1,500 tu. Waya wenye kinga ya fedha uliofungwa kwenye ethi ncha zote mbili ndio uliwafungulia barabara: kinga yenyewe imekuwa kondakta nene ya kupitisha mkondo. Wilaya yenu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchini, hivyo tatizo hili halitaisha kwa kubadilisha swichi.

Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Kwa mita 60, hesabuni 60 za angani, kupanda na kushuka nguzo, na mita 10 za akiba zilizokunjwa kila upande. Nunueni mita 100 za faiba ya modi moja yenye nyuzi 4, iliyofungwa konekta tayari kiwandani, ili msimtegemee mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Nyuzi mbili zitatumika, mbili ni akiba.

Hapa pana mtego. Faiba nyingi za kuning’iniza zina waya wa chuma pembeni wa kubebea uzito. Mkiuingiza chuma huo ndani ya jengo, mmerudi palepale. Agizeni isiyo na chuma chochote. Mkiikosa, chuma kikatwe na kuishia nje, kwenye ndoano ya ukutani, kabla faiba haijaingia.

Konekta ziwe za rangi moja pande zote. Bluu na kijani zinachomekana, lakini ncha ya kijani imekatwa mshazari, ya bluu imenyooka, hivyo mwanga unapotea na kioo kinaweza kukwaruzika. Msiikunje faiba kwa mduara wenye nusu kipenyo kidogo kuliko mara 10 ya unene wake: faiba ya milimita 6, nusu kipenyo kisipungue sentimita 6. Vifuniko vya vumbi visitolewe hadi dakika ya kuchomeka.

Kila upande mtahitaji kigeuzi cha faiba kwenda waya wa kawaida, au swichi yenye mlango wa faiba. Vigeuzi vinavyotumia uzi mmoja huuzwa kwa jozi, A na B, na A mbili haziongei. Vyote viwe kwenye UPS, kwa sababu jengo la dawa likizima kigeuzi chake, mapokezi nao hawamwoni mgonjwa kwenye mfumo.

Radi huja pia kwa njia ya umeme. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya kila jengo na aweke kinga ya mshtuko kwenye bodi kuu. Faiba imefunga mlango mmoja tu.

SWALI: Ofisi yetu ya forodha Tunduma ina kompyuta 18. Mara mbili mwezi huu mtandao wote umesimama ghafla, taa za swichi zikawaka zote kwa kasi bila kupumzika. Tukizima swichi na kuwasha, zinarudi vilevile. Kirusi?
Wakala wa forodha, Tunduma

JIBU: Karibu hakika ni waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi, au soketi mbili za ukutani zilizounganishwa kwa waya mfupi. Mtu amesafisha meza, ameona ncha inaning’inia, akaichomeka palipo wazi. Ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote huzunguka bila mwisho na kuongezeka mpaka swichi inajaa.

Chomoa nyaya mojamoja hadi taa zitulie. Waya uliotuliza taa ndio wenye kosa; fuata mwisho wake. Kisha nunueni swichi yenye kinga ya mzunguko, ambayo kwenye mipangilio huandikwa STP au RSTP, na hakikisheni imewashwa. Swichi za bei ya chini kabisa hazina.

Kama taa zimetulia lakini baadhi ya kompyuta hazipati intaneti, tafuteni ruta ndogo ya waifai ambayo mfanyakazi ameileta kutoka nyumbani. Ikichomekwa kwa mlango usio sahihi, huanza kugawa anwani zake kwenye mtandao wenu.

SWALI: Ndugu wahariri, tuna ofisi mjini Mafinga na kiwanda cha mbao kilomita 5 kutoka hapo. Tuliunganisha kwa redio za gigahezi 5.8 kwenye minara ya mita 12. Miaka miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Sasa kasi imeshuka, na asubuhi za ukungu inakatika kabisa. Fundi anasema ukungu ndio unakata, tununue redio kubwa.
Meneja wa karakana, Mufindi

JIBU: Ukungu hauna hatia. Kwenye gigahezi 5.8, ukungu na hata mvua kubwa kwa kilomita 5 hupunguza mawimbi kidogo mno. Kinachokata ni miti, tena majani yakiwa yamelowa ndiyo mabaya zaidi, na asubuhi ya ukungu Mufindi ni asubuhi ya majani yaliyolowa.

Watu hudhani ukiona mnara wa pili kwa darubini basi njia ipo wazi. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Hutanuka katikati ya safari kama mhogo mnene tumboni. Kwa kilomita 5 na gigahezi 5.8, unene huo katikati ni mita 8 juu na mita 8 chini ya mstari wa macho, na angalau asilimia 60 yake, karibu mita 5, lazima iwe tupu. Mti wa mlingoti (mkaratusi) ukiwa mchanga hurefuka mita 2 au zaidi kwa mwaka. Shamba lililokuwa na miche mlipofunga redio sasa limefika kwenye njia yenu, na mwakani litapanda tena.

Kabla ya kununua chochote, fungueni ukurasa wa redio msome nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Redio zenye antena za dBi 23 (kipimo cha uwezo wa antena) kila upande, zikituma kwa dBm 23 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), kwa umbali wenu zinapaswa kusoma karibu dBm −53. Mkisoma −56, njia ni nzima na kosa liko kwingine, pengine ni mwingiliano wa redio za majirani, mbadilishe chaneli. Mkisoma −70 au chini ya hapo, mmepoteza desibeli 17 njiani. Redio kubwa itawarudishia chache tu, na miti itazila ndani ya msimu.

Pima tena mchana wa jua, majani yakiwa makavu. Namba ikipanda sana, mmepata ushahidi. Dawa ni kupandisha minara yote miwili, au kupitisha mawimbi kwenye kilima cha tatu chenye redio ya katikati. Mkipandisha, jengeni kwa kuhesabu urefu wa miti siku ya kuvunwa, siyo wa leo. Mwenye shamba ndiye anayejua atavuna lini, muulizeni.

Mkiwa juu mnarani, kagueni pia waya unaoshuka. Uwe wa nje, mweusi, na kabla ya kuingia kwenye redio uning’inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke hapo, yasitiririke hadi kwenye konekta. Shaba iliyogeuka kijani ndani ya konekta hutoa dalili zilezile za kukatika asubuhi. Masafa ya redio nchini yanasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Msibadilishe masafa wala kupandisha nguvu bila kuwauliza.

SWALI: Duka letu la pembejeo Njombe lina kamera 8 na intaneti ya laini ya simu. Fundi amefungua “poti” kwenye ruta ili tuone kamera tukiwa mbali, haifanyi kazi. Na picha zinakaa siku tisa tu, sisi tunataka 30.
Mfanyabiashara, Njombe

JIBU: Kwenye intaneti ya laini ya simu, wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje. Angalia ruta imepewa anwani gani upande wa intaneti: ikianzia na 100.64 hadi 100.127, au na 10, kufungua poti hakutasaidia, kwa sababu mlango unaofunguliwa si wenu. Tumieni huduma ya wingu ya mashine yenyewe ya kurekodi, au VPN inayoanzishwa kutoka dukani kwenda nje. Na ile poti fundi aifunge. Mashine ya kurekodi kamera iliyoachwa wazi kwenye intaneti huvamiwa haraka.

Kuhusu siku 30, hesabu ni hii. Kamera ya megapikseli 2 kwa mfumo wa H.265 huandika kama megabiti 2 kwa sekunde, sawa na GB 21.6 kwa siku. Nane ni GB 172.8. Kwa siku 30 ni GB 5,184, hivyo mnahitaji diski ya TB 6 iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Siku tisa mnazopata zinaonyesha mmewekewa ya TB 2 au chini. Kabla ya kununua, hakikisheni mashine yenu inakubali diski ya ukubwa huo.

SWALI: Ofisi yetu Vwawa imelipia gigabiti moja ndani ya jengo, lakini kompyuta tatu zinaonyesha 100 tu, na moja inakatikakatika. Fundi amepima kwa kile kipimo chenye taa nane, zote zinawaka.
Afisa TEHAMA, Songwe

JIBU: Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za waya, kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka jozi zote nne. Uzi mmoja ukilegea kwenye pini 4, 5, 7 au 8, mtandao haukatiki, unashuka tu hadi 100. Hizo kompyuta tatu, kateni konekta ncha zote mbili mfunge upya.

Ile inayokatikakatika ina ugonjwa mwingine ambao taa nane haziuoni. Itazameni konekta kwenye mwanga. Mpangilio sahihi, kifungio kikiwa chini, kutoka kushoto ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mafundi wengine huzipanga jozi zikifuatana, kijani karibu na nyeupe-kijani, kwa sababu inapendeza machoni, na wanafanya hivyo ncha zote mbili. Taa zitawaka zote, maana kila pini imefika kwenye pini yake. Lakini pini 3 na 6 zinatakiwa ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, na hapo ziko kwenye jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaofuta kelele. Bila huo, mawimbi ya jozi moja yanaingia kwenye nyingine. Waya wa mita 3 utavumilia, wa mita 40 utapoteza pakiti kila mzigo ukiongezeka.

Mkifunga upya, msifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye konekta, na ganda la nje liingie ndani ya konekta ili kibano kilishike ganda, kisishike nyuzi. Baada ya hapo, hamisheni faili kubwa, GB 4 au zaidi, kati ya kompyuta mbili mkiangalia kasi. Kwenye gigabiti nzima mtaona karibu MB 110 kwa sekunde. Mkiona 11, kuna jozi bado haijashika.